Pishi na Ufito: Kisa cha Filamu Nyepesi ya Kuchekesha Kutoka Pemba

Kisa chenyewe

Kikundi cha vijana wa Pemba, waliozoea kuigiza kwenye sherehe za skuli na mikutano ya shehia, kilitengeneza filamu ya kuchekesha ya dakika 38. Mhusika wake mkuu ni mchumaji karafuu, mtu mpole asiye na cheo wala mali, anayepunjwa kwenye pishi msimu hadi msimu mpaka siku anapokataa. Filamu ilichekesha kweli. Lakini pia ilimuumiza mtu ambaye hakutajwa ndani yake, ikakifungia kikundi uwanja kilioutegemea, na ikanakiliwa kwenye simu za watu kabla walioitengeneza hawajapata hata nauli.

Nakieleza kisa hiki kwa ajili ya vikundi vyengine vya Unguja na Pemba vinavyotaka kutengeneza filamu za namna hii, kwa sababu vichekesho vyetu vingi huharibika pale pale kilipokaribia kuharibika hiki. Niliwasomea skripti tangu rasimu ya kwanza, na baadaye nikakaa na wanakikundi mmoja mmoja kuwasikiliza. Majina ya watu, shehia, shamba na ya filamu yenyewe sikuyataja, na alama za kumtambulisha mtu nimezibadilisha. Mtiririko wa mambo na sababu za maamuzi sikuzigusa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Filamu nyepesi ya mtu wa kawaida anayejitetea hufa au hupona kwa jambo moja: kicheko kinamwangukia nani.

Pishi, mizani na kilima

Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, na hapo Pemba zinatoka zaidi kwenye vilima vya upande wa magharibi. Karafuu kavu zina mnunuzi mmoja kisheria, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kituoni hupimwa kwa mizani, kwa kilo. Shambani ni habari nyengine. Huko mchumaji hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi zilizokwishachambuliwa, yaani zilizotengwa na makonyo yake. Pishi ni chombo. Kina mdomo, na juu ya mdomo huo hakuna sheria inayofika. Msimamizi mwenye haki huisawazisha kwa ufito, yaani kijiti kinachopitishwa juu ya mdomo, na hiyo ndiyo pishi ya mfuto. Mwenye mkono mzito huiacha ipande kilima cha karafuu juu ya mdomo, na wapo wanaozungushia viganja kwenye ukingo ili kilima kipate ukuta. Kilima kimoja ni konzi ya karafuu tu. Vilima vya msimu mzima ni siku kadhaa za mtu juu ya mti.

Na mti wenyewe si wa mchezo. Mkarafuu uliokomaa hupita urefu wa nyumba, tawi lake hukatika ghafla, na kila msimu wapo wanaoanguka wakavunjika, na wapo wasioinuka tena. Kwa hiyo mchumaji kupunjwa pishi si jambo la mzaha. Vijana hawa walilijua hilo vizuri. Baadhi yao walinunuliwa sare za skuli kwa pesa za pishi hizo hizo. Waliamua kwa makusudi kwamba filamu iwe nyepesi.

Sababu ya kwanza ilikuwa watazamaji. Filamu ya kilio ingetazamwa na wale ambao tayari wanalia. Wao walitaka msimamizi naye akae chini atazame mpaka mwisho, na hakuna msimamizi atakayekaa nusu saa anashutumiwa. Akichekeshwa, atakaa. Sababu ya pili ni urithi. Watu wa pwani wamekulia kwenye hadithi za Abunuwasi, ambamo mtu asiye na kitu humweza mkubwa kwa kuyashika maneno ya mkubwa mwenyewe na kuyafuata hadi mwisho wake. Mtoto wa Pemba huzijua hadithi hizo kabla hajajua kuandika.

Palikuwa pia na mjadala wa filamu ni ya nani. Wawili kati yao walikuwa wakilitazama Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza kufanyika Unguja mwaka 1998, na walitaka filamu ya kupendeza wageni wa tamasha hilo pale Ngome Kongwe, ngome ya kale ya mjini Unguja. Wengine wakasema watazamaji wao wako uwanja wa skuli, na filamu ikiwachekesha hao itajua njia ya kwenda kwengine. Waliosema hivyo ndio walioshinda, na kila uamuzi mzuri uliofuata ulitokana na huo.

Rasimu ya kwanza iliisha kwa kofi

Katika rasimu ya kwanza mchumaji alikuwa mjinga. Anaanguka mtini mara tatu, anavaa kofia ndani nje, ana kigugumizi, anamwamkia hata mbuzi. Mwishoni hasira zinampanda, anamchapa msimamizi kofi, msimamizi anatumbukia kwenye polo, yaani gunia, la karafuu, na wanawake wanapiga vigelegele.

Mwigizaji aliyepewa nafasi hiyo alikuwa akimwiga marehemu Mzee Majuto, kama wanavyomwiga wengi. Majuto, mtu wa Tanga, ng'ambo tu ya mkondo wa Pemba, alifariki mwaka 2018 akiwa miongoni mwa wachekeshaji wakubwa kabisa ambao Tanzania imewahi kuwapata. Ukimtazama kwa makini utaona ubingwa wake ulikuwa kwenye kusubiri: jicho kwanza, kisha kimya, kisha neno. Wanaomwiga huchukua makelele wakauacha ule kimya.

Kabla ya kurekodi chochote waliisoma rasimu kwa sauti, jioni, kwenye baraza wanapokaa wachumaji wazee. Nauhesabu huo kuwa uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, na uliwagharimu kahawa na kashata. Wazee walicheka kwenye maanguko. Kofi lilipokuja walinyamaza. Kiongozi wa kikundi alidhani hawakusikia, akairudia sehemu ile, wakanyamaza tena. Ndipo mmoja wao akauliza, kesho yake mchumaji huyo atachuma kwa nani? Mwengine akasema kwamba yeye alipunjwa miaka mingi, na hakuwa mjinga. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Kikundi kiligawanyika. Mwigizaji mkuu na mpiga picha walitaka kofi libaki, kwa hoja yenye ukweli ndani yake, kwamba hicho ndicho kipande ambacho vijana wangetumiana kwenye simu. Mwandishi wa skripti, msichana ambaye mama yake ni mchambuaji karafuu, alitaka kiondoke pamoja na ujinga wote. Ubishi ulikwisha pale kiongozi alipowakalisha chini waipitie rasimu ukurasa kwa ukurasa, na kwenye kila kichekesho waandike jina la anayechekwa. Karibu vyote vilimwangukia mchumaji. Kwa nusu saa nzima mtazamaji anafundishwa kumdharau mtu huyu, halafu dakika ya mwisho anatakiwa amshangilie. Hata mwenye kulipenda kofi aliliona hilo likiwa limeandikwa mbele yake.

Wakaamua mambo mawili kwa pamoja. Mchumaji asiwe mjinga tena, bali abaki mpole, na upole huo huo uwe ndio silaha yake. Na msimamizi asiguswe hata kwa kidole.

Vipimo vitatu

Skripti mpya ilijengwa juu ya mandhari moja inayorudi mara tatu: uwanja wa kuanikia, majamvi yametandikwa, wanawake wamekaa wanachambua, na pishi iko katikati.

Mara ya kwanza msimamizi anajaza pishi na kilima kinapanda. Punje moja inabingirika hadi chini. Msimamizi anaiokota kwa vidole viwili na kuirudisha kileleni kwa uangalifu wa sonara. Mchumaji anasema alhamdulillahi, anashukuru, anaondoka. Watu wanacheka, na wanayemcheka ni mtu mzima mwenye kofia nzuri na kalamu mfukoni, anayehangaikia punje moja.

Mara ya pili anakuja na viganja. Anazungushia ukingo, anaagiza karafuu zimiminwe, na kilima kinakuwa kirefu mpaka mchumaji inambidi apinde shingo ili auone upande wa pili uso wa msimamizi, ambaye kwa heshima humwita ami. Anamuuliza kwa adabu zote kama mikono haijamchoka, na kama amsaidie kushika. Msimamizi anakubali. Sasa mchumaji ndiye anayeshika kwa mikono yake mwenyewe ukuta wa pishi inayompunja. Nilipoisoma sehemu hiyo nilijua wamepata filamu. Kichekesho kile kina maisha ya mtu ndani yake, na hakikuhitaji mtu aanguke.

Kati ya kipimo cha pili na cha tatu kuna usiku wa nyumbani. Mchumaji anachonga ufito chini ya taa, mkewe anamuuliza wa nini, naye anaona haya kusema. Hatimaye anamwomba mkewe awe msimamizi ili yeye afanye mazoezi, kwa bakuli la mchele. Mke anaigeuza kazi hiyo kuwa yake. Anajishika kiuno, anakohoa, anajaza bakuli mpaka mchele unamwagika mkekani, anamwambia, "Ongeza kidogo, baba, leo jua limezidi." Mume kila akitaka kukataa anajikuta anasema ahsante. Anajaribu tena, anasema samahani. Mke anamrudisha mwanzo. Ni sehemu ndefu, na nashukuru hawakuikata, kwa sababu hapo ndipo mtazamaji anajifunza kwamba tatizo la mtu huyu si woga peke yake. Tatizo ni kwamba hana sentensi. Amelelewa vizuri, na katika malezi yake hakuna neno la kumkatalia mkubwa.

Mara ya tatu sentensi anayo. Pishi imejaa, kilima kiko juu, uwanja mzima kimya. Mchumaji anatoa ufito kwenye kikoi, anauweka mbele ya msimamizi kwa mikono miwili.

"Hiki nini?"

"Ufito, ami."

"Wa nini?"

"Wa pishi, ami. Nimeona wako umepotea, nikakuchongea."

Kamera haisogei. Msimamizi anautazama ufito, anawatazama wanawake, anautazama tena ufito. Wanawake wameacha kuchambua. Kila anachoweza kusema kina adhabu yake. Akikataa, anakiri kwamba ufito haukupotea. Akifoka, amemfokea mtu aliyemletea zawadi mbele ya watu. Mwisho wa kimya hicho anasema neno pekee lililobaki: "Ahsante." Kisha anafuta pishi. Karafuu za kilima zinamwagika kwenye jamvi, na bibi mmoja mchambuaji, bila kuambiwa, anazikusanya kwa kiganja na kuzitia kwenye pishi inayofuata, akisema kwa sauti ya kawaida, "Ya pili hiyo."

Uwanja, kibali na upepo

Wakati wa kurekodi ulikuwa mtihani. Msimu ukiwa moto kila mtu yuko mtini na kila uwanja una karafuu za watu. Msimu ukiisha hakuna karafuu mbichi za kupimia. Walichagua siku za mwisho za msimu. Mwenye uwanja mmoja aliwaruhusu, kwa mdomo tu, watumie uwanja wake na karafuu zilizokuwa zinasubiri kuanikwa, kwa sharti kwamba ikifika saa nne asubuhi ziwe juani, maana karafuu mbichi zikilala rundo hupata joto na kuharibika. Sharti hilo liliwabana, lakini liliwafaa. Kila kipimo kilibidi kirekodiwe kwa asubuhi moja, kwa hiyo walifanya mazoezi mpaka wakawa hawahitaji kurudia rudia.

Wanawake wa kwenye majamvi ni wachambuaji wa kweli. Walikubali kwa masharti yao: kazi iwe ya mchana, wakae pamoja kama wanavyokaa siku zote, na nyumbani kwao wajue. Kikundi kiliyapokea yote bila ubishi, na hicho ndicho kisa cha zile nyuso kuwa tulivu mbele ya kamera.

Kibali walikikumbuka wamechelewa. Mwenye mamlaka ya filamu visiwani ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na kikundi kilikwenda kuomba kibali wakati kimekwisharekodi siku ya kwanza. Ikabidi wasimame mpaka karatasi zitimie. Kosa lilikuwa lao peke yao, na lilikula asubuhi nzuri ambazo hazikurudi. Waliporuhusiwa, upepo ulikuwa umebadilika.

Upepo ndio uliokula sauti. Hawakuwa na maikrofoni ya kuvaa. Sauti ilichukuliwa kwa simu iliyofichwa kwenye polo, na katika kipimo cha tatu, sentensi yote ya ufito ilizama kwenye mlio wa majani. Waliamua kuingiza sauti upya. Mwigizaji alikuwa amekwenda Unguja kutafuta kazi, basi wakamtumia mtu mwengine, kijana mwenye sauti nzuri aliyekulia Dar es Salaam.

Kwenye uhariri wakafanya uamuzi mwengine ambao wakati ule ulionekana mdogo. Kulikuwa na sehemu fupi ambamo mwenye shamba anamkalisha msimamizi na kumuuliza kwa nini pishi zake haziongezeki, na kumkumbusha kwamba wanaoitaka kazi yake ni wengi. Waliikata ili filamu isizidi dakika 40. Wote walikubaliana kwamba haichekeshi.

Onyesho na malalamiko

Filamu ilionyeshwa uwanja wa skuli baada ya sala ya Isha, kwenye shuka jeupe, kwa projekta ya kuazima. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwengine, watoto mbele. Kipimo cha kwanza kilipata kicheko cha kawaida. Cha pili kiliwatoa machozi. Sehemu ya mchele ilichekwa zaidi upande wa wanawake, na kwa muda mrefu, hata maneno yaliyofuata hayakusikika. Kwenye kipimo cha tatu sauti ile ya kigeni iliwashtua. Watu waligeukiana, na wengine wakaanza kumwigiza kabla sentensi haijaisha. Ile "Ahsante" ndiyo iliyowarudisha. Uwanja uliinuka.

Siku chache baadaye mtu mmoja alikwenda kwa sheha. Ni msimamizi wa muda mrefu katika mashamba ya jirani, na alilalamika kwamba amedhalilishwa. Hakuwa anabuni. Mwigizaji wa nafasi ya msimamizi alikuwa amemchukua mzima mzima: anavyochechemea, anavyokohoa kabla ya kusema, hata anavyopiga kengele ya baiskeli kabla ya kuingia uwanjani. Kikundi hakikukusudia kumlenga. Mwigizaji alihitaji mwendo, na mwendo aliouona tangu utotoni ulikuwa huo.

Wanakikundi wawili walitaka kujibu kwamba hii ni hadithi ya kubuni na jina lake halimo. Kiongozi alikataa, kwa sababu kisiwani mtu hujulikana kwa kikohozi chake kabla ya jina. Walikwenda kwa sheha wote, wakasalimia, wakaomba radhi kwa maumivu kabla ya kueleza chochote. Sheha akataka filamu ichezwe tena pale pale barazani, mbele ya mlalamikaji na wazee wachache.

Yule bwana aliitazama yote. Kwa maelezo ya waliokuwepo, alicheka mara moja, kwenye mchele. Mwisho alisema mambo mawili. Kuchechemea kwake kuondoke. Na filamu imeonyesha anachofanya msimamizi, haikuonyesha anayemfanyisha.

Hapo wakakumbuka ile sehemu waliyoikata. Walirudi wakairudisha, wakaondoa kila picha yenye kuchechemea na baiskeli, na toleo jipya likawa la dakika 41. Mlalamikaji aliridhia mbele ya sheha. Lakini mwenye uwanja ni shemeji yake, na uwanja ukafungwa kwa kikundi tangu siku ile, bila maneno makali. Waliambiwa tu kwamba mwaka huu una shughuli.

Yaliyobaki mkononi

Wakati toleo jipya linakamilika, la zamani lilikuwa limekwishatoka. Mwanakikundi mmoja alimpa rafiki yake nakala akatengenezewe picha ya kava, na kutoka hapo ilifika kwenye duka la simu, ikawa inatiwa kwenye memori kadi za watu pamoja na nyimbo. Filamu ilikuwa haijasajiliwa COSOZA, ofisi inayosimamia hakimiliki Zanzibar. Hasara ya fedha iliwauma, lakini naona hasara kubwa zaidi ni nyengine: kuchechemea walikokuondoa kwa makubaliano mbele ya sheha kunaendelea kuzunguka, na aliyeombwa radhi anaendelea kuoneshwa simu za watu njiani.

Kuhusu pishi zenyewe, nina machache ya kusema. Kwenye uwanja mmoja wachumaji waliomba ufito msimu uliofuata na wakapewa. Kwenye viwanja vyengine sijasikia badiliko. Neno la ufito, hata hivyo, limeingia mdomoni: anayeuziwa dagaa kwa kopo lililobonyea huuliza ufito uko wapi, na muuzaji anaelewa.

Kwa nini kicheko kilishika

Ushindi wa mchumaji ulikuwa wa kiasi chake. Alipata pishi ya mfuto, basi. Hakupata shamba wala cheo, na msimamizi hakufukuzwa. Waandishi wengi wa vichekesho huona ushindi kama huo ni mdogo mno, wakaongeza urithi wa ghafla au polisi. Hapa udogo wake ndio uliofanya watu wainuke, maana kila aliyekuwa uwanjani alijua thamani ya kilima kile na alijua kinapatikana. Kofi lingempa mtazamaji raha ya dakika moja na kumrudisha nyumbani akijua kwamba yeye hataweza. Ufito unaweza kuchongwa na yeyote.

Adabu ilifanya kazi ambayo sijaiona ikifanywa vizuri namna hii katika filamu zetu. Tumezoea kumwonesha mtu anayejitetea kama mtu aliyeacha adabu: anapaza sauti, anarusha kofia chini, anasema ukweli wake wote. Kwa watu wa visiwani hilo huondoa huruma, hata kama anayesema ana haki. Huyu mchumaji hakuacha kitu. Alisema ami, alitoa kwa mikono miwili, alieleza kwa upole, na kila hatua ya heshima ilimfunga msimamizi zaidi. Mtazamaji anacheka kwa sababu anazijua kanuni hizo, na anaona kwa mara ya kwanza kwamba zinambana mkubwa pia.

Na mashahidi walikuwepo tangu mwanzo. Wanawake walikaa kwenye majamvi katika vipimo vyote vitatu, wakionekana kama mapambo, mpaka kipimo cha tatu kilipoonesha kwamba bila wao ufito ni kijiti tu. Hilo lilipangwa kwenye skripti mapema na halikutamkwa popote. Mwandishi anayetaka kufanya kama hivi awaweke mashahidi wake kwenye picha ya kwanza. Akiwaleta mwishoni wataonekana wameitwa.

Palipovuja

Kukata sehemu ya mwenye shamba lilikuwa kosa la usanii kabla halijawa kosa la ujirani. Walipima kila sehemu kwa kicheko, na hiyo haikuwa na kicheko. Lakini filamu nyepesi inahitaji mahali pamoja ambapo mtazamaji anaona kwa nini mwenye nguvu yuko hivyo alivyo, la sivyo anabaki kinyago, na mtu wa kweli anayefanana na kinyago ana haki ya kuumia. Katika toleo la dakika 41, "Ahsante" ya mwisho ina uzito ambao haikuwa nao: tunajua anaisema akiwa na bosi wa kumjibu jioni. Kicheko hakikupungua hata kidogo, kwa jinsi nilivyoona kwenye maonyesho ya baadaye.

Kuiga mtu mmoja mzima ni hatari popote, na kisiwani ni hatari maradufu. Mwigizaji achukue mwendo kwa mmoja, kikohozi kwa mwengine, mavazi kwa wa tatu, na ulemavu wa mwili auache kabisa. Kuchechemea hakukuongeza kitu kwenye kichekesho cha pishi. Kulikuwepo kwa sababu kulikuwa rahisi.

Sauti ningeiweka mbele ya kamera katika bajeti ya kikundi chochote kidogo. Picha iliyotikisika kidogo watu huisamehe. Sentensi ambayo filamu nzima imeijenga, ikitoka kwa sauti ya mtu wa kwengine, hawaisamehi, na hawakuisamehe. Kama upepo umeila, nauli ya mwigizaji kurudi kutoka Unguja ni rahisi kuliko kupoteza kipimo cha tatu.

Ruhusa za mdomo, kibali kilichochelewa na usajili ambao haukufanyika ni jambo moja kwa hakika. Walishughulikia kila karatasi baada ya tukio. Kikundi sasa kina karatasi ya ukurasa mmoja kwa mwenye uwanja, na hakitoi nakala kwa yeyote, hata kwa ndugu, kabla ya COSOZA.

Limebaki la malipo. Kila mwanamke wa kwenye majamvi alipewa posho sawa, na hilo lilikuwa haki kwa kazi waliyoombwa. Lakini kuzikusanya karafuu za kilima na kuzitia kwenye pishi inayofuata, na yale maneno "Ya pili hiyo", havikuwemo kwenye skripti. Bibi yule alivitoa mwenyewe asubuhi ile. Baada ya onyesho mwandishi alimfuata nyumbani, wakampelekea nyongeza, na katika toleo jipya jina lake limewekwa, kwa idhini yake, chini ya jina la mwandishi.